Kikombe cha Meza ya Tisa

Asubuhi ile ya Ijumaa niliushukuru mpira. Nalisema hili kwa aibu, maana mimi ni mtu mzima, nina miaka hamsini na sita, na kazi yangu pale kiwandani ni moja tu: kujua nani yupo na nani hayupo.

Nilikuwa napita kati ya meza na rejista yangu ya kioo mkononi, kama kila siku saa moja na nusu. Nilipofika meza ya tisa, kiti cha tatu, mkono ukanyooka ukaweka punje moja ya buni juu ya rejista. Punje ya duara, ile inayokaa peke yake ndani ya tunda lake wakati wenzake wote wamezaliwa pacha. Gotharda Ndunguru alikuwa ananiwekea punje ya namna hiyo kila asubuhi kwa miaka kumi na minne. Ilianza kama utani, siku niliyomwambia kwamba kwetu nilizaliwa peke yangu. "Basi huyu hapa ndugu yako," akasema. Nyumbani nina mtungi umejaa ndugu zangu.

"Asante, dada," nikasema. Nikatia alama ya yupo, nikapiga hatua mbili, halafu nikasimama.

Nikageuka. Kitini hapakuwa na mtu. Juu yake, kutoka kwenye reli iliyopita darini, ilining'inia mikono miwili ya mpira wa kijivu, inachambua buni haraka haraka, nzuri huku, mbovu kule, na kwenye kijisanduku kilichofungwa begani ilitoka sauti ya Gotharda inaimba chinichini ule wimbo wake wa kanisani ambao hajawahi kuufikisha mwisho. Ilikuwa badali yake.

Nikakaa pembeni kwenye gunia, nikaifungua rejista kwa ndani, kule ambako mafundi pekee ndio huchungulia. Mtu akikaa mwenyewe, nukta ni ya kijani. Badali ikikaa, nukta ni ya buluu. Nikarudi nyuma siku moja, mbili, kumi. Buluu. Buluu. Nikaendelea mpaka nikaifikia ya kijani ya mwisho, nikahesabu. Siku arobaini na moja za kazi.

Mungu wangu, Siglinda! Siku arobaini na moja unasema asante dada, na dada mwenyewe hayupo.

Niseme kidogo tulivyofika hapo, maana msomaji wa mbali anaweza kudhani sisi watu wa Mbinga hatuna macho.

Zamani, kabla ya badali, ukumbi ule wa viti mia moja na ishirini ulikuwa na mapengo kila Jumatatu. Ishirini, wakati mwingine thelathini. Mimi nilikuwa naandika sababu kwa kalamu. Malaria. Msiba. Mtoto. Ulanzi wa Jumapili, pombe ya mianzi, ingawa huo mtu hakuutaja, aliuita tumbo. Msimu wa kulima ngolo, yale mashamba ya mashimo, kule milimani, nusu ya ukumbi ilipatwa na tumbo kwa wiki mbili. Bertoldi wa meza ya pili alimzika bibi yake mara nne. Na wengine hawakuwa na sababu yoyote yenye jina. Waliamka wakashindwa kutoka nje ya mlango, basi.

Sasa rundo la asiyekuwepo halikwenda likizo. Lilisukumwa kwa jirani yake. Aliyekuja akachambua ya wawili, akarudi nyumbani shingo imekakamaa, na wiki iliyofuata ni yeye anayekosekana, na rundo linahamia kwa mwingine. Watu walichukiana kwa ajili hiyo, tena waziwazi. Nimewahi kuamua ugomvi wa wanawake wawili waliotwangana kwa nyungo.

Lakini tulikuwa na desturi yetu, na hiyo haikutoka kwa uongozi. Saa nne ni chai. Kila mtu ana kikombe chake cha bati, kimeandikwa jina kwa rangi ya kucha. Asiyekuwepo, kikombe chake kinafunikwa kifudifudi mahali pake. Kikikaa hivyo siku tatu, mchana wa siku ya tatu meza nzima inaondoka na sukari na sabuni kwenda kumwona. Hakuna anayeomba ruhusa, hakuna anayeulizwa kama ana nafasi. Hata Bertoldi tulimwendea. Tukamkuta bibi yake mwenyewe ndiye anayetukaribisha, mzima wa afya, akatupikia maboga. Tulicheka njia nzima.

Ndipo zikaja badali, miaka sita iliyopita. Ulivaa glavu nyembamba kama ganda la kitunguu kwa siku arobaini ukiwa kazini, ikajifunza kila kitu cha mikono yako: unavyonusa buni kwa vidole, maana kidole kinaijua iliyochacha kabla rangi haijageuka, na ndiyo sababu wanunuzi wa ng'ambo mpaka leo wanataka kahawa iliyochambuliwa kwa mkono. Mafundi walijaribu kuondoa nyimbo za watu, wakaona mikono inakosea. Mwendo wa wimbo na mwendo wa vidole havikutaka kutenganishwa. Wakaacha. Siku usipokuja, badali inateremka inachambua badala yako, jina lako linabaki yupo, jirani yako habebi rundo la mtu. Tulipiga vigelegele. Mimi mwenyewe nilipiga.

Na mikono ikiwa ipo, kikombe kinabaki wima. Kikiwa wima, anayepita na birika anamimina. Hakuna aliyekaa akaamua hivyo. Ilitokea tu, siku moja mtu alimimina akaendelea na safari yake. Siku arobaini na moja tulimmiminia Gotharda chai, ikapoa, na anayefagia akaimwaga nje kwenye maua.

Nilikwenda ofisini kwa Hilmar Nchimbi, meneja wa zamu. Kijana mzuri, mpole, ana kitambi cha mapema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Gotharda Ndunguru yuko wapi?"

Akatazama kioo chake. "Yupo. Meza ya tisa."

"Baba, nakuuliza yuko wapi yeye. Na ngozi yake."

Hilmar akavua miwani akaifuta. "Mama Komba, wewe unaijua sheria kuliko mimi. Sababu ni ya mfanyakazi mwenyewe. Hatuulizi."

Naijua, ndiyo. Nilitia sahihi nikiidai. Zamani sababu zilibandikwa ubaoni, na mwaka fulani mwanamke wa meza ya tano mimba yake ilitoka, na karani mwenzangu akaiandika vilevile, ikasomwa na kila aliyepita kwenda chooni. Yule mama hakurudi tena. Kwa hiyo tulipigana, tukashinda, na tangu hapo hakuna anayemuuliza mtu kwa nini hakuja. Hatukujua kwamba tutaacha kuulizana kabisa.

"Na nikimwandika hayupo?" nikauliza.

"Juu ya badali inayofanya kazi?" Hilmar akacheka, halafu akaona mimi sicheki. "Itasimama papo hapo. Naye atapewa siku saba aje akae mwenyewe, mikono yake ipimwe upya. Ikifika kiwango, sawa. Isipofika, kiti kinakwenda kwa mwingine na mikono inafutwa. Tena wewe ukiandika hivyo, mkoani wanapata taarifa siku hiyohiyo. Unakumbuka kile kiwanda cha kule bondeni? Walileta wakaguzi, badali zote zikaning'inia miezi miwili bila kazi."

"Zote?"

"Zote, mama. Mfikirie Editruda."

Nikamfikiria. Editruda Hyera anakaa mkabala na kiti cha Gotharda. Binti yake Wendelina ana selimundu, ule ugonjwa wa damu, na maumivu yake hayana ratiba. Leo anacheza, kesho yuko wodini na dripu. Kabla ya badali, Editruda alibakiza kosa moja tu afukuzwe. Huyo hana kazi bila ile mikono.

"Ukienda kumtembelea Jumamosi kwa miguu yako," Hilmar akasema huku anaangalia dirisha, "mimi sitajua."

Jumamosi nikapanda mlima. Bodaboda ya umeme iliniacha kwenye daraja, kutoka pale ni kwa miguu, katikati ya ngolo zilizochimbwa mteremko mzima, shimo kwa shimo, maharage yamechipua kwenye kingo. Njiani nilikuwa najipangia maneno. Nilikuwa nimemwandikia Gotharda kwenye simu, nadhani Jumapili ile ya kwanza: Mzima wewe? Akajibu: Mzima, nimepumzika kidogo. Nikaridhika. Jamani, tulivyo wepesi wa kuridhika.

Nilimkuta ameketi kibarazani na ungo wa maharage mapajani. Mumewe alifariki zamani, watoto wako mbali. Alikuwa amekonda. Aliponiona alishusha ungo upesi, akaficha mikono ndani ya khanga.

"Ehe! Karani," akasema. "Umekuja kutia alama?"

"Nimekuja kukuona."

"Leo?"

Neno hilo moja lilinichoma. Nikakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Kuku wakapita. Nikamuuliza anaumwa nini, akasema haumwi. Nikamuuliza tena. Akaitoa mikono ndani ya khanga, akainyoosha mbele yangu.

Ilikuwa inatetemeka. Ule wa kulia zaidi. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vinasuguana vyenyewe, kama anachambua buni ambayo haipo.

"Ilianza mwezi wa pili," akasema. "Kidogo kidogo. Daktari ana jina lake, refu. Dawa anazo pia, hazijasaidia sana. Pale mezani nilikuwa nakalia mkono mmoja, nachambua kwa mwingine. Hukuona?"

"Sikuona."

"Siku moja nikachelewa kufika. Nikaikuta badali imeshateremka kwenye kiti changu. Nikasimama mlangoni nikaiangalia." Akatikisa kichwa. "Siglinda, mimi nilikuwa najua kazi! Sikuwahi kujiona. Mtu hajioni. Mikono ile inakwenda, haikosei, inaimba. Nikasema, sasa mimi nimwondoe huyo nikae badala yake na haya matetemeko? Nikageuza nikarudi nyumbani."

"Ungetuambia, dada."

"Ningewaambia nini? Nilijua mtakuja."

Akairudisha mikono ndani ya khanga. Aliposema tena sauti ilikuwa imeshuka.

"Siku ya tatu nilipika. Makande, kwa sababu Editruda anayapenda. Nikaazima vikombe kwa jirani, wewe unajua meza ya tisa tuko kumi na mmoja. Nikafagia mpaka kule njiani. Nikakaa hapahapa nilipokaa sasa. Jua likazama, nikasema labda wamehesabu vibaya, labda wanaanzia kesho yake. Siku ya nne nikapika tena. Ya tano nikapika tena, jirani akaniuliza una sherehe? Basi nikarudisha vikombe."

Mimi nililia. Sioni sababu ya kulificha hilo. Nililia kwa sauti, mwanamke mzima, mpaka kuku wakakimbia.

"Tulikuwa tunakumiminia chai," nikamwambia. "Kila siku. Kikombe chako kilikuwa wima. Tulidhani... hatukudhani kitu, Gotharda. Mikono ilikuwa ipo."

"Na punje? Inakuwekea?"

"Inaniwekea."

Hapo ndipo na yeye alipolia. Alikuwa anajifuta machozi, na mkono haukufika jichoni sawasawa, ukagonga pua, akacheka katikati ya kilio.

"Nawatamani," akasema. "Kelele zenu. Ile harufu ya magunia yakimwagwa. Hata yule Bertoldi na uongo wake. Naamka saa kumi na moja mpaka leo, navaa, nafunga kilemba, halafu nakumbuka kwamba nimeshafika kazini."

Nikamweleza aliyoyasema Hilmar: kwamba nikiandika hayupo badali itasimama, atapimwa, na kwa mikono hii kiti kitaondoka. Kwamba nikinyamaza anaweza kubaki yupo mwaka mzima, posho inaingia, na anaweza kujitibu polepole. Nilimweleza kama afisa. Hata mimi nilijisikia naongea kama tangazo.

"Usinipangie hesabu," akanikata. "Maharage ninayo, mahindi ninayo. Nataka nikosekane, Siglinda. Hata siku moja tu. Watu waangalie kile kiti waseme, eh, Gotharda hayupo. Ni kitu kikubwa hicho nakiomba?"

Nikautazama ungo wa maharage. Nilikuwa namfikiria Wendelina wa watu na dripu yake.

Jumatatu niliamka na kichwa kizito. Nilipita meza zote, nikatia alama zote. Meza ya tisa, kiti cha tatu, mkono ukanyooka ukaweka punje. Safari hii sikushukuru. Niliitia punje mfukoni nikaacha nafasi ya Gotharda tupu, sikuandika yupo wala hayupo. Rejista ikanipigia kelele ya kunikumbusha, nikaizima sauti.

Saa nne kasoro nilimvuta Editruda nje, kwenye mabomba. Mwezi ule zamu ya birika ilikuwa yake, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa akimimina. Nilimweleza yote, na makande nilimweleza. Alishika birika kwa mikono miwili akanikazia macho.

"Kwa hiyo unataka kuandika."

"Yeye ndiye ameomba."

"Na mimi nani aniombee?" Sauti ikapanda. "Wanakuja wakaguzi, wanazifunga, Wendelina anazidiwa Jumatano, mimi nafanya nini? Namwacha wodini? Nampenda Gotharda kama wewe, usinifundishe. Lakini ile mikono ndiyo inayonifanya niwe mama na niwe mfanyakazi, vyote viwili. Wewe huna mtoto mgonjwa, dada. Ni rahisi kwako kuwa na moyo."

Alikuwa na haki. Sikutaka kumshinda. Maji yalikuwa yanadondoka bombani.

"Wendelina alikuwa wodini lini mara ya mwisho?" nikamuuliza.

"Wiki iliyopita. Siku nne."

"Sikujua."

"Nani alijua?" Akafunga mdomo. Akalikumbatia birika. "Hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza anaendeleaje. Nilirudi Ijumaa nikakaa, nikawamiminia chai, mkaendelea na stori zenu. Nikasema labda wamechoka na habari za mtoto wangu. Miaka ile ya vikombe mlikuwa mnakuja mpaka hospitali, mnajaza wodi, nesi anawafukuza."

Kengele ya chai ikalia ndani.

"Sikia," nikasema. "Siku Wendelina akizidiwa na hakuna badali, mimi nakaa kwenye kiti chako."

"Wewe? Wewe hujachambua buni miaka ishirini!"

"Nitachambua vibaya. Lakini nitakaa. Na siku mimi nikishindwa nitamweka mwingine, hata Bertoldi."

"Bertoldi atamzika mtu," akasema, na hakucheka, ila uso ulilegea. "Utakaa kweli? Usinidanganye, dada. Mimi nikikuita saa kumi alfajiri, utakuja?"

"Nitakuja."

Alinitazama muda mrefu. Halafu akaingia ndani na birika lake, na mimi nyuma yake.

Alimimina meza nzima. Kiti cha kwanza, cha pili. Alipofika cha tatu akasimama. Kikombe cha Gotharda kilikuwa pale, cha buluu, kimemeguka ukingoni, mikono ya mpira inachambua pembeni yake na ule wimbo unaendelea. Watu wakaanza kumwangalia Editruda kwa nini hamimini. Akaweka birika chini, akakishika kikombe, akakifunika kifudifudi.

Mlio wa bati juu ya mbao ni mdogo tu. Lakini hatukuwa tumeusikia kwa miaka sita.

Nikagusa rejista: hayupo. Mikono ikasimama, mmoja ukiwa bado umeshika buni. Wimbo ukakatika. Ikapandishwa polepole mpaka darini, na kiti kikabaki wazi, kiti cha mbao chenye mto alioushona mwenyewe kwa vipande vya khanga. Nadhani hakuna aliyekuwa ameuona mto ule tangu aondoke.

"Eh," akasema mtu mwisho wa meza. "Kwani Gotharda hayupo?"

"Hayupo," nikasema. "Leo siku ya arobaini na mbili."

Mmoja akaweka mikono kichwani. Mwingine akaanza kulia kama tumepata habari ya msiba, ikabidi niseme kwa sauti: yu hai, yuko kwake, amekaa anatusubiri. Meza ya nane wakasimama kuuliza, na ya kumi. Nikasikia bati likigonga mbao upande wa dirishani, halafu mlangoni, halafu kila mahali. Watu walikuwa wanaangalia viti vya jirani zao, na kila palipokuwa na mpira badala ya mtu wakafunika kikombe. Walipomaliza nilihesabu, kazi yangu ni hiyo. Ishirini na sita.

Hilmar akatoka ofisini anakimbia. "Mama Komba! Umefanya nini?"

Nikampa rejista. Kilikuwa kimebaki kisanduku kimoja, kile cha sababu, ambacho sheria inaruhusu kiachwe wazi na kwa miaka yote hii nilikuwa nakiacha wazi. Safari hii nilikuwa nimejaza. Niliandika: Hatukwenda kumwona.

Akasoma. Akasoma tena. "Hii si sababu yake," akasema. "Hii ni yenu."

"Ndiyo."

"Lazima niitume mkoani. Unaelewa? Siwezi kuificha."

"Itume, baba. Imeandikwa ili isomwe."

Akaituma. Sitamsema vibaya, ni kazi yake. Kabla ya saa nane jibu lilikuwa limerudi: badali zote zisimame kuanzia kesho, wakaguzi wako njiani, karani ajieleze kwa maandishi. Editruda alisoma tangazo ubaoni, akarudi kukaa bila kunitazama. Mchana ule rundo la Gotharda tuliligawana, punje kwa punje, shingo zikauma ile namna ya zamani.

Saa tisa na nusu zamu ikaisha. Hakuna aliyetangaza safari. Nilitoka getini nikakuta meza ya tisa yote iko barabarani, na nusu ya meza ya nane, na Bertoldi ambaye hahusiki, kabeba kilo mbili za sukari. Editruda alikuwa mbele na Wendelina mgongoni, binti wa miaka tisa aliyemfuata getini akitoka shule, miguu inaning'inia.

"Ameniambia anataka kumwona shangazi wa punje," akasema Editruda. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu kwenye mabomba. "Twende, tutachelewa."

Tulipanda mlima kwa mstari mmoja, njia za ngolo haziruhusu wawili. Kabla hatujafika kwenye kona ya mwisho nikaona moshi juu ya paa la Gotharda. Hakuwa na taarifa yoyote. Nilimuuliza baadaye akasema alisikia kelele zetu tangu darajani, na kelele za meza ya tisa hawezi kuzikosea, akatupa kuni jikoni na kumtuma jirani alete vikombe.

Alikuwa amesimama kibarazani, kilemba kimefungwa vizuri, mikono ndani ya khanga.

"Mmechelewa," akasema.

"Tumechelewa," nikasema.

Basi. Walimkumbatia mmoja mmoja, wakamlowanisha mabega. Alipoitoa mikono nje kuwapokea waliona wote, na hakuna aliyeangalia pembeni, wala hakuna aliyejifanya haoni. Wendelina akauliza kwa sauti kubwa, "Shangazi, mbona inacheza?" na Gotharda akamjibu, "Imezoea kazi, mama. Haijui kukaa." Tukacheka, na kicheko kikatusaidia.

Vikombe vilipungua kimoja. Nikatoa kwenye mkoba kile cha buluu chenye ukingo uliomeguka, nikampa. Akakishika kwa mikono miwili, Editruda akammiminia. Nusu ilimwagika kwenye khanga kabla haijafika mdomoni. Editruda akammiminia tena. Siku saba zijazo kitakuja kipimo na kiti kitakwenda, tulijua wote. Mimi mwenyewe pengine nitakuwa nimefukuzwa. Editruda atanipigia simu alfajiri moja na nitakwenda kukaa na vidole vyangu vilivyosahau. Hakuna aliyeyataja hayo pale.

Jua lilipoanza kuegemea, Gotharda aliingia ndani. Alikawia. Akarudi na kikapu kidogo cha buni za mibuni yake mitatu ya nyuma ya nyumba, akakaa mbele yangu, akaanza kutafuta. Vidole vilipapasa, vikakosa, vikapapasa tena. Akaipata. Akaiinua, ikamponyoka ikaanguka kwenye vumbi. Bertoldi akainama kutaka kumsaidia, Editruda akamvuta shati. Gotharda akaiokota mwenyewe. Ikaanguka tena. Watu wote wakasogea karibu, hata Wendelina.

Mara ya tatu alikuja karibu kabisa, akaukamata mkono wangu kwa mkono wake wa kushoto ili mkono wa kulia upate pa kuegemea, tukawa tunatetemeka wote wawili, akaiachia punje katikati ya kiganja changu. Ilikuwa ya duara, ina vumbi, ina joto la vidole vyake.

"Asante, dada," nikasema.